Mlango wa Kushoto wa Datsun

Mbuke alikuwa ameketi kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, akiisikiliza barabara. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo na Kagongwa yote imelala, ila vyura. Ndani, binti yake Limi alikuwa akiugua kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusumbua majirani. Paskalia, jirani aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule, alikuwa ametoka mara mbili kunawa mikono bila kusema neno. Mara ya tatu alisema.

"Mtoto amekaa vibaya, Mama Limi. Huyu si wa kwangu, ni wa hospitali. Kahama, tena upesi."

"Nimemtuma yule kijana Januari na baiskeli tangu magharibi."

"Basi amng'oe huyo mkweo huko kwenye treni zake, aje na hicho kigari."

 Mkwe huyo, Donatus kwa jina, alikuwa karani wa stesheni ya Isaka, na Mbuke hakuwahi hata siku moja kulitamka jina lake. Katika ukoo wao mama hamtaji mume wa bintiye, hamtazami usoni, hali naye, wala haketi mahali alipoketi yeye. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa imeanza kumchosha kama mzigo wa kuni usio na mahali pa kutuliwa.

Limi alikuwa ameshapelekwa kujifungua mara mbili. Safari ya kwanza ilikuwa kwenye lori la pamba, yeye na mumewe wamebanana na dereva mbele. Ya pili ilikuwa kwenye Landrova ya kuomba. Mara zote mbili hapakuwa na mahali ambapo mama angekaa mbali na mkwewe, kwa hiyo mama akabaki kando ya barabara na chupa ya uji mkononi. Mara zote mbili Limi alirudi mikono mitupu. Mbuke hakuwa mjinga wa kudhani kwamba uwepo wake ungegeuza kitu. Ila alikuwa amejiapiza kwamba safari ya tatu habaki.

Ndiyo maana walipokwenda Shinyanga kununua gari, wakati wa kiangazi, naye alifuatana nao.

Gari lilikuwa kwa Rajnikant, mwenye duka la vitambaa, ambaye kama Wahindi wengine wa mjini alikuwa akiuza vitu vyake taratibu huku akisema haendi popote. Uani kwake kulikuwa na pikapu ya Datsun, na pembeni yake Datsun ndogo ya milango miwili, rangi ya ndimu. Walizikagua kwa namna yao: Donatus akizunguka upande huu, Mbuke akizunguka upande ule, wasikutane, na Limi katikati akipeleka maneno.

"Limi, mwambie mumeo achukue pikapu."

"Mwambie mayu, mama yako," akasema Donatus akiitazama tairi, "pikapu watu wa bima wanaiandika gari la biashara. Hata ukimpakia mkeo peke yake, unalipa kama umepakia marobota ya pamba. Hii ndogo, injini ndogo, bima ndogo. Mafuta yenyewe inanusa tu."

"Muulize, hiyo bima ni kitu gani hasa?"

"Unalipa leo kwa ajali ya kesho."

"Na ajali isipokuja, wanamrudishia?"

Rajnikant alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, hilo swali mimi nauliza miaka yote! Wewe ukipata jibu, njoo dukani, nakupa doti ya kanga bure."

Mbuke alitaka kusema kwamba nyuma ya pikapu mtu anaweza kukaa juu ya gunia, uso kwenye vumbi, asimwone mkwe wala mkwe asimwone. Lakini lingesikikaje? Gari halijanunuliwa, mama mkwe ameshaanza kuomba lifti. Akameza maneno yake.

Kisha Donatus akaiwasha ile ya rangi ya ndimu. Ililia kama cherehani. Aliizungusha uani, kuku wa Rajnikant wakaruka ukuta, akakata kona karibu na pipa la maji, akarudi kinyumenyume akipiga honi. "Inacheza hii, Limi! Gari lina utani hili!" Limi alicheka. Alicheka mkono mdomoni, mabega yakimtetemeka, na Mbuke akakumbuka kwamba hakuwa amemsikia mwanawe akicheka tangu mazishi ya yule wa pili. Habari ya pikapu ikaishia hapo.

Alichofanya ni kukagua upande wake. Alimwambia Limi aketi kiti cha abiria, cha kushoto, afunge mlango, kisha afungue. Limi akafunga. Kufungua hakuweza. Kitasa cha ndani kilizunguka bila kushika chochote, na kioo nacho kilishuka kiasi cha vidole viwili kikagoma.

"Mwambie mumeo, huku mtu akiingia hatoki."

"Mwambie mayu, abiria wa gari langu hashuki mwenyewe. Anafunguliwa mlango, kama waziri."

Rajnikant aliahidi kuagiza kitasa Mwanza. Mvua zilianza, kitasa hakikuja.

Sasa, kizingitini, Mbuke aliusikia mlio wa cherehani kabla hajaziona taa. Gari liliingia mtaani likiyumba, tope mpaka kwenye paa. Januari alishuka kwanza, akisema baiskeli ilimpasukia njiani na nusu ya safari ameitembea. Donatus akapita kando ya Mbuke, uso ameugeuzia ukutani, akamtoa mkewe amembeba mikononi kama mtoto. Wakakunja kiti cha mbele, wakamlaza Limi nyuma, magoti juu. Kiti cha nyuma kikaishia hapo, hata mtu wa pili hapakuwa na pa kuweka nyonga.

Paskalia alishika kiuno. "Mbele ni nafasi moja. Naenda mimi, au wewe?"

Donatus alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, akiyatazama mawingu. 

"Mayu," Limi aliita kutoka nyuma. "Mayu, panda."

Mbuke alijifunika kanga kichwani, akaivuta mpaka mashavuni, akaingia. Kapu la nguo za mtoto akaliweka katikati, juu ya breki ya mkono, liwe ukuta. Donatus akazunguka, akaufunga mlango kwa nje, polepole. Njia nzima Mbuke aliangalia kioo cha upande wake, mkono wake mmoja umepita nyuma ya kiti, umeshika mguu wa mwanawe.

Walipofika Kahama kulikuwa kumepambazuka na mvua imerudi kwa hasira. Wauguzi walikuja na machela upande wa dereva, uliokuwa karibu na mlango wa wodi. Wakamvuta Limi, wakakimbia naye, Donatus akikimbia nyuma yao. Mlango wa wodi ukafungwa.

Mbuke akabaki garini.

Alizungusha kitasa, akijua. Aligonga kioo, mvua ikaumeza mlio ule wa vidole. Mzee mmoja aliyejikunyata barazani kule mbali alidhani anasalimiwa, akainua mkono kwa adabu. Mbuke akaurudisha. Hakuwa na la kufanya.

Upande wa pili mlango wa dereva ulikuwa wazi kabisa, mvua ikiingia. Ilimpasa tu kuhamisha kapu, kuvuka kile kiti, na kushuka. Kiti kilikuwa bado kimebonyea alipokuwa ameketi mkwewe. Aliliinua kapu. Akalirudisha. Hakuna aliyekuwa akimwona, na hilo ndilo lililomchosha kuliko yote: hakuna aliyemwona, na bado hakuweza. Siku nyingine labda. Leo, mtoto akiwa hajulikani anakuja au anarudi, hakutaka kosa lolote litokane na yeye.

Basi akakaa. Aliukazia macho mlango wa wodi mpaka akazijua alama zake za kutu. Ulifunguka akatoka muuguzi na beseni. Ukafunguka akatoka mtu mwingine asiyehusika. Alisinzia, akashtuka, akajilaumu kwa kusinzia.

Hatimaye akatoka Donatus. Hakukimbia, na Mbuke hakuweza kuusoma mwendo ule kupitia kioo chenye maji. Alikuja upande wa kushoto. Alipokaribia akageuka, akatembea kinyumenyume hatua zilizobaki, mpaka mgongo wake ulioloa ukagusa gari. Akaongea kuielekea mvua, lakini karibu na ule upenyo wa vidole viwili.

"Anayesikia na asikie. Mtoto ni wa kike. Analia kwa nguvu. Mama yake mzima, anataka uji."



"Na waziri ashuke," Donatus akaongeza, sauti ikimkatika, sijui kicheko, sijui nini. "Anaitwa ndani."

Mkono wake ukapapasa nyuma, ukakosa, ukapapasa tena, ukakipata kitasa. Mlango ukafunguka. Mbuke alitaka kushuka mara moja, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, basi akabaki ameketi kidogo, mvua ikimlowesha magoti.