Kabini Tulivu Mpaka Mhezi

Safari hii niliipanga kwa ajili ya mke wangu, Naelijwa. Alikwenda kijijini kwao Mhezi, juu mlimani, kumuuguza mama yake. Mama akapona, yeye hakushuka. Kila nikimpigia simu analalamikia lori. Ni la zamani, injini imekaa katikati ya viti viwili, chini ya boneti ya bati. Miaka yote tuliyofanya biashara ya ndizi pamoja, miguu yake iliungua na mazungumzo yetu yalimezwa na kelele. Nilimkumbuka mpaka chakula kikanishinda. Nikasema basi, lori nitalitengeneza, arudi kwenye kiti chake.

Mjini Same, siku mbili kabla ya safari. Fundi Hamisi, mshona viti, alinicheka nilipofika na mablanketi. "Mzee, unataka kuivalisha injini sweta? Tuzibe matundu kwanza!" Tukaziba kila tundu la pedali na nyaya, tukatandika mpira mzito sakafuni. Ndani ya boneti akabandika tabaka nene lisiloshika moto, akiliweka mbali na bomba la moshi.

Alfajiri ya Jumamosi niliondoka na sementi. Hadi Makanya injini ilisikika kama redio ya jirani, nami nikaimba. Mlimani nikaumbuka. Malori haya tunabadili gia kwa sikio, na mimi sikio nilikuwa nimeliziba. Kwenye kona kali sikusikia injini ikilemewa, ikazima. Nilivuta breki ya mkono huku jasho likinitoka, nikashusha kioo, nikapanda kichwa kikiwa nje.

Saa tano, Mhezi, nikamkuta mama mkwe uani. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kimya kimya, kuna nini?"

Naelijwa alipanda, akaweka kiganja juu ya boneti. "Haichomi!" Akacheka kicheko nilichokifuata huko juu. Nikamzungusha mpaka shuleni. Tulipogeuza akaanza kusema kwa sauti ya chini, na nikasikia kila neno.

"Baba Neema, joto lilikuwa la kusingizia. Nimechoka na barabara. Hapa nina shamba, nina mama, nalala usingizi. Sishuki tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia humu humu, safari ngapi! Ukawa unaitikia kwa kichwa."

Kweli nilikuwa naitikia. Nilidhani anasema joto. Nikamrudisha kwa mama yake, tukala makande.

Alasiri nilishuka peke yangu. Kabini ilikuwa na ubaridi mzuri, kiti cha pili kitupu, na nililia bila aibu mpaka barabara kuu. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukaa ubavuni mwako miaka na usimsikie, kisha ukailaumu injini.

Namtaka bado. Siku hizi mzigo wa kwenda Mhezi siukatai, hata ukiwa mifuko mitano tu.