Fundi Rangi na Miguu Isiyotulia

Mtaani walimwita Kiguu-na-njia, maana tangu utotoni hakukaa mahali chai ikapoa. Ufundi wa rangi ulimfaa: leo yuko juu ya ngazi nyumba hii, kesho nyumba ile. Utu uzima ulipomwingia, sauti zikaanza kumsema kichwani. Alidai bangi ndiyo iliyozinyamazisha. Dada yake mkubwa alikubali shingo upande, mpaka siku alipomkuta akipaka ukuta wa jirani ambao hakuombwa, huku akigombana na mtu asiyeonekana. Akampeleka hospitali ya magonjwa ya akili.

Wodini dawa zilizififisha sauti, lakini miguu ikazidi kuwaka. Akawa anatembea ukumbi mrefu, mlangoni hadi dirishani, akirudi, akienda tena. Muuguzi wa ushauri alimpa kiti. Kabla hajaulizwa hali, keshainuka. Muuguzi akasukuma kiti pembeni, akaungana naye.

"Bangi inakupa nini, fundi?"

Alikuwa amejiandaa kuhubiriwa. "Usingizi, sista. Na kimya."

"Na inakunyang'anya nini?"

Wakafika dirishani, wakageuka. "Asubuhi zile sauti zinarudi, tena zimeleta na ndugu zao."

Sista alicheka, naye akajikuta anacheka. "Kutoka sifuri hadi kumi, unataka kuiacha kiasi gani?"

"Tatu."

"Mbona hukusema sifuri?"

"Sista, unanitega." Alikaza mwendo, sista naye akakaza. Mwishowe akanyoosha mkono wake unaotetemeka. "Huu. Tangu nianze kuvuta, mstari wa kwenye dari haunyooki. Fundi asiyenyoosha mstari ni mchafuzi wa kuta tu."

"Hilo ni neno lako, si langu. Na miguu hii ilianza lini?"

"Tangu dawa zenu. Nikitoka naziacha, navuta nitulie."

"Basi tumwambie daktari kabla hujaziacha."

Daktari akambadilishia dawa. Miguu ikapoa kidogo, akalala. Kabla ya kuruhusiwa, sista alimuuliza saa ipi humshinda. Akajibu jioni, wenzake wakishaosha brashi na kuelekea kijiweni. Wakakubaliana kwamba saa hiyo aende kwa dada yake.

Mara alikwenda, mara alikosa kwenda. Jioni moja kijiwe kilimvuta, naye akavuta bangi, na sauti zikaja kwa kishindo, zikimwita kwa jina la utani. Zamani angesubiri mpaka abebwe. Safari hii alijipeleka kliniki mwenyewe, viatu vina madoa ya rangi, akazunguka nje ya mlango hadi sista alipotoka.

"Nimeteleza," akasema.

"Umekuja. Leo ni ngapi?"

"Asubuhi sita. Jioni mbili."

"Tuzungumzie jioni, basi."

Mpaka leo hajaacha kabisa, ila kuvuta kumepungua na dawa anameza. Dada yake bado humpekua mifuko mlangoni. Yeye huinua mikono, akinung'unika kwamba yeye si mwizi, kisha huingia kula.