Usingizi wa Ngatia Siku ya Ruracio

Ngatia wa Kamakwa anauza magodoro na hana usingizi. Mjini Nyeri watu wamelicheka jambo hilo mpaka wamechoka. Mteja akiingia dukani humkuta macho mekundu, kama mtu aliyeshinda akipuliza kuni mbichi, naye hamalizi kuuliza bei kabla ya kuuliza kwa nini muuzaji mwenyewe haonji bidhaa yake. Ngatia hucheka kidogo, kwa adabu ya biashara, kisha huongeza sauti ya muziki.

Muziki wenyewe ni jazi, kutwa nzima, kutoka kwenye kispika kidogo kilichokaa juu ya magodoro ya watoto. Maduka ya jirani yanapiga mugithi, yale magitaa ya Kikuyu, na nyimbo za injili. Yeye anapiga saksafoni za watu waliokufa zamani.

"Hii muziki yako haina mwanzo wala mwisho," dada yake Tabby humwambia.

"Hata stori zako hazina, Tabby, na tunakusikiliza tu."

Mapenzi hayo ya jazi yalimwingia ujanani, alipokuwa mhudumu katika hoteli moja ya watalii upande wa mlimani. Kila Jumamosi bendi ilipiga, na Ngatia alizunguka na trei akijifanya anatafuta glasi tupu kumbe anatafuta mahali pazuri pa kusikilizia. Tangu hapo ana maoni yake, na ole wako uyaombe wakati hakuna mteja. Atakwambia kwamba piano ni ya siku ya mvua, ngoma ni ya asubuhi, na besi ni ya mwanamume aliyekosana na mkewe. Saksafoni haina saa. Wapigaji nao ni wa aina mbili: anayepiga ili aonekane na anayepiga huku akisikiliza. Wa kwanza ndio wengi, na makofi yote ni yao.

Mpiga saksafoni wa hoteli ile aliitwa Kathurima, na Ngatia hajasikia tena mtu wa kumfikia. Lakini Kathurima alikuwa na mke. Mke huyo alikuwa akija kutoka Meru na mtoto mgongoni, anaketi kwenye kigogo nje ya mlango wa jikoni, akingoja. Ngatia ndiye aliyempelekea chai. Mume wake akimaliza kupiga alitokea mlango wa mbele, mkono kiunoni mwa mwanamke mwingine, na yule wa Meru alikaa na chai mkononi mpaka ikapoa kisha akarudi alikotoka. Ngatia aliliona jambo hilo mara nyingi mno. Aliondoka hotelini anaipenda saksafoni na hamwamini kabisa mwenye kuipuliza.

Sasa ndipo Wangechi, binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea kule Karatina, alipokuja nyumbani akasema amepata mchumba. Anaitwa Njeru, wa Kianyaga. Anafanya kazi gani? Anapiga saksafoni, kwenye harusi na mahoteli.

Beth, mama yake Wangechi, alipiga vigelegele. Ngatia alisema vizuri, vizuri sana, na kuanzia siku hiyo hakupata lepe la usingizi.

Dawa alizojaribu ni za kuandikiwa kitabu. Beth alimpa maziwa ya moto na asali, yakamfanya aende choo usiku kucha. Tabby alimchemshia ndizi pamoja na maganda yake akamnywesha yale maji. Ladha yake, Ngatia anasema, ni ya soksi. Jirani alimwambia aloweke miguu katika maji ya chumvi. Mwenye duka la dawa alimuuzia tembe za Piriton, ambazo zilimlaza fofofo, ila mchana, dukani, mbele ya wateja. Mizizi kutoka kwa mama mmoja wa Kenol ilimchoma koo siku mbili. Mchungaji alikuja kumwombea, akaomba kwa kirefu hivi kwamba mwishowe aliyesinzia ni mchungaji.

Zamani dawa yake ilikuwa jazi. Angeweka kispika karibu na mto, sauti chini, na kabla wimbo wa pili haujaisha angekuwa anakoroma. Sasa kila saksafoni ilimletea uso wa Njeru, na nyuma ya uso wa Njeru ule mlango wa jikoni, na kwenye kigogo ameketi Wangechi. Usiku aliizima. Akabaki anatazama dari, mkewe amelala kando yake kwa amani iliyomkera.

Kwa nini hakusema tu? Mtu atauliza. Kwa sababu Ngatia ni mtu mzuri wa kuuza magodoro na mwoga wa kumkatalia mtu anayempenda, basi. Alitaka ndoa ivunjike na yeye asionekane na nyundo mkononi. Siku chache kabla ya ruracio, yaani siku ambayo jamaa wa Njeru wangekuja na mahari, alimwita kaka yake mkubwa Wambugu nyuma ya duka. Wambugu ndiye angekuwa msemaji wa familia, kwa maana siku hiyo baba wa msichana hasemi kitu, anasemewa.

"Wambugu, nataka ukatae kwa niaba yangu."

"Nikatae aje? Watu wametoka Kianyaga na mbuzi!"

"Utasema ukoo bado haujakubaliana. Utasema tunaomba muda. Wataelewa."

"Na Beth? Na msichana?"

"Itakuwa ni ukoo, si mimi. Sikiza. Mimi nitawaangalia kwanza. Ukiona nimeinamisha kichwa nikafumba macho, kama mtu anaomba, jua nimekataa. Usiniulize, simama useme."

Wambugu alitikisa kichwa. "Hii kitu ni mbaya," alisema, lakini alikubali, shingo upande.

Siku yenyewe ilifika na jua kali. Ngatia hakugusa dawa yoyote. Alikunywa kahawa nyeusi, kikombe juu ya kikombe, akavaa koti lake la kijivu na kofia, akaketi mbele ya hema, mikono magotini. Wageni waliimba langoni wakazuiliwa na akina mama kama ilivyo desturi, wakatoa walichotoa, wakaingia. Wasichana walifunikwa leso, Njeru akaambiwa amtafute wake, akampata bila kukosea na watu wakashangilia. Ngatia hakushangilia. Alikuwa anamkagua kijana: viatu safi, shati jeupe, mkoba wa saksafoni hauachi hata anapokula. Hata Kathurima hakuuacha wake.

Mambo ya mbuzi yalizungumzwa kwa utani mrefu kati ya Wambugu na mzee Gatimu, msemaji wa Kianyaga. Kila Wambugu alipomaliza sentensi alimtupia Ngatia jicho. Ngatia alikuwa ameyakodoa macho yake kwa nguvu, kwani bado hajakata kauli, na shingo ilianza kumuuma. Kando yake Beth alikuwa ameshika kibuyu cha uji. Uji huo ndio ungemaliza kila kitu. Baba humuuliza binti mbele ya wote kama aunywe. Binti akikubali huonja, humpa baba yake, naye baba akiunywa, wawili hao ni mtu na mkewe.

"Kabla hatujafika huko," mzee Gatimu alisema, "kijana wetu anataka kuwasalimia na ile kitu yake. Muturuhusu."

Haya, Ngatia alijiambia. Sasa tutamjua.

Njeru hakusimama katikati. Alisimama kando, karibu na nguzo ya hema, akaanza na wimbo wa kanisa ambao kila bibi pale aliujua, na watu wakaanza kuimba. Kisha akauacha wimbo uende, akaupindua polepole, akaupeleka mahali ambapo mchungaji asingeufuata, akaurudisha. Ngatia alisikia nywele za shingo zikisimama. Kijana anaweza! Lakini hata Kathurima aliweza, na hilo silo swali.

Nyuma kabisa mtoto mchanga alianza kulia. Mama yake alihangaika, watu wakageuka na kukunja uso. Mpigaji wa kuonekana angeongeza sauti amfunike mtoto. Ngatia alikuwa ameona wengi wakifanya hivyo. Njeru alipunguza. Alishuka taratibu, akamfuata mtoto chini, akashika sauti ileile ya kilio na kuituliza, mpaka kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa kimya. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa wengi hawakujua kilichofanyika.

Ngatia alijua. Huyu anasikiliza, alisema moyoni, na kitu kilichokuwa kimemkaba miezi yote kikamwachia ghafla. Mchukue, kijana. Mchukue binti yangu. Alitaka kugeuka amwambie Wambugu kwamba mambo ni shwari. Alifikiri amegeuka. Saksafoni iliendelea chini kabisa, pole, pole, na yule mwanamume aliyekuwa hajalala tangu mvua za masika aliinamisha kichwa, akafumba macho.

Aliamshwa na kelele za viti. Beth alikuwa anamtikisa bega na machozi yanamtoka.

"Baba Wangechi! Amka! Ni nini hii mumefanya?"

Watu wote hemani walikuwa wamesimama. Wanawake wa Kianyaga walikuwa wanafunga leso zao upya kiunoni, tayari kwa safari. Mzee Gatimu alikuwa ameshafika langoni. Njeru alikuwa amepiga magoti, anafunga mkoba wake.

"Wambugu, umefanya nini?" Ngatia alinguruma.

"Nimewaambia tunaomba muda."

"Nani alikutuma? Mimi sijakataa! Mimi nimelala!"

Wambugu naye alikuwa na jua la kutwa kichwani na aibu ya kazi aliyotumwa. Alisahau kunong'ona. "Uliniambia ukifumba macho nisimame nikatae! Ni wewe uliniambia, nyuma ya duka, ati isionekane ni wewe!"

Kila mtu alisikia. Hata waliokuwa langoni walisimama. Wangechi, aliyekuwa amemshika Njeru begani, aligeuka taratibu, na Ngatia akatamani ardhi ipasuke immeze. Hajawahi kutazamwa hivyo na mtoto wake.

"Dad. Ni ukweli?"

Angeweza kumruka Wambugu, aseme hajui lolote. Wazee wamerukwa kwa madogo kuliko hayo. Hakumruka. "Ni ukweli. Nilipanga."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa. Niliona mama mmoja, zamani, bibi ya mtu wa saksafoni, akikaa nje ya jikoni akingoja bwana yake. Nikaona ni wewe." Alimgeukia Njeru, ambaye bado alikuwa magotini. "Lakini leo nimekusikia na yule mtoto. Nilikuwa nimekubali. Haki ya Mungu, nilikuwa nimekubali, ndio nikalala. Sijalala tangu niambiwe jina yako."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Njeru alisimama na kupangusa magoti. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

"Mzee, mimi sijui kama hiyo ni sifa ama ni matusi."

"Ni sifa," Ngatia alisema. "Hiyo ingine nilifanya ndio matusi. Naomba msamaha, mbele ya wazee wako." Kisha akafanya jambo ambalo hapo kwao halijaonekana: alitembea mwenyewe hadi langoni, baba wa msichana, bila msemaji, akamvulia kofia mzee Gatimu na kumsihi arudi aketi. Gatimu alimwacha asihi. Alimwacha asihi kwa muda wa kutosha, jasho likimtiririka Ngatia ndani ya koti, ndipo akawaamuru watu wake warudi, si kwa ajili yako, alimwambia, ni kwa ajili ya msichana.

Watu waliketi tena, lakini hakuna aliyeimba. Beth alimimina uji kikombeni, akampa Ngatia ili aulize kama desturi inavyotaka. Ngatia alisimama na kikombe. Alifungua mdomo.

"Hapana," Wangechi alisema. Hakupaza sauti. Alikichukua kikombe kutoka mikononi mwa baba yake na kumrudishia Beth. "Mum, niulize wewe."

Beth alimtazama mumewe, akamtazama mzee Gatimu, akaona hakuna wa kumsaidia. Akajikaza. "Wangechi, huu uji tunywe?"

"Tunyweni."

Beth aliuliza tena, na tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Mara ya tatu vigelegele vilipasuka vyenyewe, kwanza kwa Tabby kisha kwa upande wa Kianyaga, na Ngatia akalia wazi kama mtoto, kwa furaha na kwa fedheha, asijue ipi ni ipi. Wangechi alionja. Akampa mama yake, mama yake akampa mzee Gatimu, Gatimu akampa Wambugu, na kikombe kikaenda kikizunguka hema lote, mkono kwa mkono, hadi kwa akina mama wa nyuma, Ngatia amesimama palepale mbele ya watu akikifuata kwa macho.

Kilimfikia mwisho. Wangechi ndiye aliyekileta. Kilikuwa kimebaki na uji kidogo chini, umepoa.

"Kunywa, Dad," alisema.

Alikunywa wote, akasema asante.