Hatua Kumi na Tisa Hadi kwa Marcella

Ni saa tatu asubuhi, Jumatano, Kianjokoma. Kathambi Mwongera amepiga magoti uani kwa Mzee Ngari, akipanga maganda makavu ya mgomba chini, moja baada ya jingine, kutoka mlangoni hadi ukingoni mwa majani chai. Huko mwisho, wanaume wanachimba kaburi.

Ngari, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, amesimama kizingitini. Anataka kutoka, lakini miguu imeganda kana kwamba imepigwa misumari.

"Daktari, imekataa," anasema kwa sauti ndogo mno.

"Haijakataa, mzee. Wacha kuangalia miguu. Angalia hiyo ganda, uiruke."

Anainua goti, anavuka. Anavuka la pili. Ugonjwa wa Parkinson una vituko vyake: mtu anayeshindwa kutembea kwenye sakafu tupu anaweza kuvuka kitu akikiona mbele yake.

Kathambi si daktari, ingawa wengi humwita hivyo. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mzaliwa wa Nkubu anayeishi mtaa wa Majimbo, Embu. Kwa miaka tisa amekuwa akiwazungukia wagonjwa wa Parkinson majumbani, akiwafundisha hatua kubwa, sauti kubwa na kugeuka bila kuanguka. Wako kumi na wanne, kutoka hapa hadi Gachoka, na kuna siku nauli humeza nusu ya malipo yake.

Wiki hii ana kazi moja tu. Marcella, mke wa Ngari kwa miaka arobaini na sita, ameaga dunia. Ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati. Atazikwa Ijumaa, na Ngari ameomba aende kaburini kwa miguu yake, amtupie mkewe udongo kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilimtoa kwao tukitembea," anasema. "Siwezi kumzika nikibebwa."

Kathambi anageuza uso. Maneno hayo yamemchoma.

Babake aliugua maradhi haya haya. Wakati huo Kathambi alijua mifupa iliyovunjika tu; ugonjwa huu hakuufahamu. Watoto walimpenda mzee wao. Wakamwondolea panga, wakamwondolea kikombe, wakamnunulia kiti kizuri, maana mtoto anayemwacha mzazi ahangaike huonekana hana adabu.

"Tulidhani ni heshima," anasema. "Tulimkalisha mpaka miguu ikasahau kazi."

Mamake alipofariki, walimbeba mzee kwa kiti kile hadi kaburini. Kaka yake mkubwa, Thuranira, akatupa udongo kwa niaba yake.

"Baba alikuwa anatikisa kichwa," Kathambi anasema, na machozi yanamtoka bila kuyaficha. "Sisi tukafikiri ni ule ugonjwa. Kumbe alikuwa anakataa."

Babake hakusema neno tena. Alifariki miezi minne baadaye.

Ijumaa inafika. Kathambi anapoingia uani, anakuta ardhi tupu. Akina mama wa kanisa waliamka mapema wakafagia kila pembe, kama ua wa msiba unavyostahili. Maganda yote yako kwenye shimo la taka. Hakuna wa kulaumiwa, na hakuna wakati wa kutafuta mengine.

Jeneza limeshatangulia. Wimbo umeisha, katekista anasubiri na kitabu mkononi. Ngari amekwama kizingitini, koti jeusi likimtetemeka mwilini. Njeru, kifungua mimba wake, anakuja mbio na kiti cha plastiki.

"Daktari, wacha tumbebe. Watu wamengoja sana."

"Muulize kwanza."

"Si unaona vile anateseka? Huyu ni baba yetu."

"Hata mimi nilikuwa na baba. Muulize."

Njeru anainama. "Baba, tukubebe?"

Ngari anatikisa kichwa.

"Hiyo si ugonjwa, Njeru," Kathambi anasema. "Anakataa."

Njeru anaweka kiti chini.

Kathambi anavua viatu. Anasimama mbele ya mzee na kuuweka mguu wake kwa kukingama, pale ambapo ganda lingekuwa. "Ruka huu wangu." Ngari anauvuka. Kathambi anarudi nyuma, anaweka mwingine. Hivyo hivyo, yeye kinyumenyume, mzee akimfuata, waombolezaji wakiwapisha. Ni hatua kumi na tisa.

Kaburini, mkono wa Ngari unatetemeka hata udongo mwingi unamwagika kwenye viatu vyake. Uliobaki anautupa. Kisha anavuta pumzi kama alivyofundishwa na kuita, "Marcella!" Walio barabarani wanageuka.

Wageni wakiendelea na chakula, Ngari anamshika Kathambi mkono.

"Jumatatu utakuja? Nataka kumsalimia kila asubuhi."

Atakuja. Ana ndoto ya kukodi chumba mjini Embu, wagonjwa wafanye mazoezi pamoja, na watoto wao wafundishwe kutowabeba haraka. Hilo huenda likachukua miaka. Kwa boma hili, anataka jambo dogo zaidi.

"Siku moja nifike hapa nipate mlango wazi," anasema akifunga viatu, "kiti kiko tupu, na mzee ameshatembea mwenyewe hadi kaburini kumsalimia mama."