Tundu kwenye Dera la Idd

Magdaline, fundi wa nguo katika soko la Isiolo, hakuwa na mzaha na wokovu: aliyeokoka hatendi dhambi, basi. Ndiyo maana Alhamisi moja kwenye ushirika alimkatiza mzee Wambugu, aliyekuwa akitubu tena kwamba amemfokea mkewe.

"Neema gani hiyo ya kutubu dhambi ileile kila wiki?" alimwuliza mbele ya watu.

"Ndiyo hiyo tu niliyo nayo, dada," mzee akajibu. Hakurudi tena.

Halafu wiki hii pasi ya makaa ikatema cheche juu ya dera la Idd alilokuwa akimshonea mteja wake Habibo. Likatoboka. Habibo alipokuja kulichukua na kuliona tundu, Magdaline akajikuta ameshasema, "Kitambaa kilitoka dukani hivyo."

Habibo hakubisha hata kidogo. "Wewe ni mtu wa maombi, huwezi kunidanganya," akasema, akaenda zake kumgombeza mwenye duka.

Alhamisi ikafika. Zamu ya ushuhuda ilipomfikia, Magdaline alisimama, macho yakatua kwenye kiti kitupu cha mzee Wambugu. Alitaka kusema habari ya pasi. Alitaka kulitaja dera. Lakini mdomo ulishazoea njia yake.

"Bwana asifiwe! Tangu niokoke, dhambi hainiwezi."

"Amina!" wakaitikia wote kwa furaha.

Akaketi, uso ukiwaka. Mzee Wambugu angekuwepo, angalau mtu mmoja mle ndani angesema kweli.