Taa ya Injini, Njia ya Liuli

Asubuhi ile niliondoka Mbinga kwa sababu tu lori lililokuwa linafuata kahawa lilikuwa limewashwa, na dereva hakukataa nilipopanda. Mfukoni nilikuwa na shati, sabuni na kipimo kidogo cha kusomea makosa ya gari. Unakichomeka chini ya usukani, majibu yanakuja kwenye simu. Nilikipata Songea, kwenye gereji niliyofanyia kazi miezi kadhaa. Shule niliacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha.

Lori lilinishusha Kingerikiti. Kando ya barabara palikuwa na gari dogo, boneti wazi, na mwanamume aliyevaa koti akiikodolea macho injini. Nyuma yake kidogo, mama mtu mzima alikaa juu ya jiwe, kapu mapajani, uso ameuelekeza kwenye mashamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni fundi?"

"Najaribu."

"Basi muulize mwenzako kama tutafika Liuli kabla ya saa nane. Binti yangu anapasuliwa saa nane, atolewe mtoto. Ameomba anione kabla hajaingia."

"Mwambie mama sijui," mwanamume alijibu bila kugeuka. "Taa ya injini imewaka tangu asubuhi. Injini ikifia mteremkoni, itakuwaje?"

Ndipo nikaelewa. Walikuwa mtu na mama mkwe wake, na kwa mila yao hawasemeshani uso kwa uso. Baadaye bwana aliniambia alikuja jana kumchukua, akalala kwa rafiki, maana chini ya paa moja hawalali. Leo wamesafiri kimya mpaka hapo.

Nikachomeka kipimo. Kosa lilikuwa moja: mvuke wa petroli unavuja. Nilifurahi, kwa kuwa hilo nilikuwa nalisikia tu. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limesimama. Badala ya kuuachia hewani, gari huutunza kwenye kopo lenye mkaa, kisha injini huuvuta na kuuchoma. Nilimweleza yule bwana kwa mfano wa ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili maji ya mvua yasikimbie na udongo.

"Kwa hiyo ngoro yangu imebomoka," alisema.

"Mahali fulani. Tuanze na palipo rahisi."

Nikafungua kidirisha cha tenki. Kifuniko hakikuwepo.

"Nani kaniibia?"

Mama alikohoa. "Mwanangu, mwambie mwenzako hakuibiwa. Jana alimimina petroli ya dumu uwanjani kwangu, kifuniko akakiweka juu ya paa la gari. Akaondoka nacho hivyo hivyo."

Nikamwambia, ingawa alikwisha kusikia.

"Muulize mama mbona hakusema."

"Muulize yeye ningesema kupitia kwa nani. Watoto walikuwa shambani. Nilikohoa. Nilikohoa mara tatu."

"Nilidhani ana mafua," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilifunika mdomo wa tenki kwa nailoni nene na kuukaza kwa mpira wa tyubu, petroli isimwagike kwenye kona. Taa haikuzimika. Nilijua haitazimika mpaka apate kifuniko halisi.

"Kipimo chako kinaweza kuifuta?" alininong'oneza.

"Kinaweza. Lakini itarudi."

"Ifute. Akiiona bado inawaka, hapandi tena."

Songea niliwahi kufuta taa kama hiyo kwa amri ya bosi, na gari likauzwa siku ile ile. Mnunuzi alinishika mkono kunishukuru. Nadhani mkono ule ndio ulionitoa pale. Nikaenda kwenye jiwe, nikachuchumaa, nikamweleza mama kwamba taa itawaka hadi Liuli, kwamba inalalamikia kifuniko, na injini ni nzima.

Alifikiri kidogo. "Basi iwake. Yenyewe imesema, haikungoja mtu wa kuisemea."

Nilikaa mbele, yeye nyuma. Mteremko mzima nilibeba maneno: mwambie apunguze mwendo, mwambie mama ashikilie. Tulifika saa saba na nusu. Mama alishuka na kapu lake kabla gari halijasimama sawasawa, akamkuta bintiye bado yuko kitandani wodini.

Alasiri tukapata habari: mtoto wa kike, mama yake mzima.

Nyumba ya yule bwana ilikuwa jirani, lakini usiku huo ilikuwa ya mama mkwe. Kwa hiyo mwenye nyumba na mimi tulipewa chumba kwa kaka yake, chenye nyavu zilizokunjwa pembeni na dirisha linalotazama ziwa. Nilipokuwa navua viatu aliniomba nisiondoke mapema kesho.

"Kuna neno nataka umfikishie mama. Mtoto tutampa jina lake."

Nikamuuliza jina lenyewe ni nani.

"Jina la mkwe mimi silitamki," alisema. "Kesho kamuulize mke wangu."