Kipupwe cha Kwanza cha Mama Mikate

Kumekucha, lakini jua bado limejificha nyuma ya mlima. Mwokaji anafunua beseni, anabonyeza kinyunya cha unga kwa kidole na kushusha pumzi. Kimelala vilevile alivyokiacha. Anakifunika tena kwa blanketi, anakisogeza karibu na tanuri, kisha anachungulia chumba cha nyuma, ambako mama yake mzazi amejikunyata kwenye kiti.

"Mama, uko macho?"

"Niko macho, mwanangu. Hata ulivyouliza mara ya kwanza nilikuwa macho."

Nje, umande umeganda juu ya mabati na mtaa mzima umekuwa mweupe kama uliomwagiwa chumvi.

Mwanamke huyu, ambaye majirani wamembandika jina la Mama Mikate, alizaliwa na kukulia nchi tambarare yenye joto, ambako unga wenye hamira huumuka ukiupa kisogo tu. Mjomba wake ndiye aliyekuwa mwokaji wa mji huu wa mlimani. Miguu ilipomkatalia, alimwachia mpwa wake tanuri na wateja. Mama Mikate akafunga virago, akamchukua na mama yake.

Walifika wakati wa jua. "Niliona maua tu," anasema. "Nikamwambia mama, hapa tumefika peponi. Kumbe kipupwe kinatuvizia."

Kilipoingia, hakikubisha hodi. Maji yaliganda bombani. Nguo kwenye kamba zilikauka kama mbao, suruali ikasimama wima bila mwenyewe. Mikate yake ya kwanza ilitoka migumu, hata mteja mmoja akamwambia kwa upole kwamba wake anautumia kuzuilia mlango. Alijifunza kupasha maji moto na kukanda unga tangu jana yake. Mkate ukamsamehe.

Lakini baridi haikuwa imemaliza naye.

Siku moja alimwacha mama yake kwenye chumba walichopanga, juu kidogo ya mtaa. Bibi huyo alihisi baridi imemwingia hadi kwenye mifupa. Akaliingiza ndani jiko la mkaa, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa matambara, akajilaza.

Mchana, binti alipompelekea chai, alibisha hadi mkono ukamuuma. Kimya. Alimkimbilia jirani yao, fundi seremala, naye akauvunja mlango kwa bega. Bibi alikuwa sakafuni, macho nusu wazi, hajui anaitwa nani. Walimbeba hadi nje, wakamlaza kwenye ardhi ileile ya baridi aliyokuwa akiikimbia, ili apate hewa.

Zahanati ilimwekea oksijeni. Muuguzi akawaeleza kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mengine.

"Kwetu jiko hukaa uani na dirisha halifungwi," anasema Mama Mikate, sauti ikishuka. "Tungejuaje?"

Bibi amepona, ila kichwa humgonga, na pengine maneno humpotea katikati ya sentensi. Tangu hapo binti hambanduki. Kila asubuhi humvika masweta, humshika mkono kwenye njia yenye utelezi na kumleta kazini. Akiwa anamhudumia mteja, sikio lake liko chumba cha nyuma.

"Ananifunika kama unga," bibi analalamika. "Anangoja niumuke."

Mdogo wake Mama Mikate amepiga simu akitaka mama arudishwe kwenye joto. Bibi amekataa katakata. Anasema huyu binti akibaki peke yake atajisahau hata kula.

Seremala amewaonya kuwa baridi kali bado haijaja. Theluji ikianguka kweli kweli, barabara ya zahanati hufungwa. Mama Mikate analijua hilo. Usingizi wake umekuwa wa kuibia.

Mpango wake ni wahamie hapa kwenye tanuri kabla ya theluji. Fundi huyohuyo seremala ameanza kutoboa ukuta ili joto la tanuri lipenye hadi chumba cha nyuma, huku moshi ukipanda na dohani kwenda nje. Vitanda viwili vitaenea. Mkaa hautavuka kizingiti.

Juu ya dirisha kuna upenyo wa kiganja kimoja, upepo unapiga mluzi hapo. Fundi anachukua ubao apate kuuziba. Mama Mikate anamzuia.

"Acha baridi iingie kidogo, fundi," anamwambia. "Hiyo tutapambana nayo kwa blanketi."